"Inakinga Nini?" Maana Nyingi za Maneno ya Kujikinga

Siku moja tulikuwapo mahali ambapo makuruta wa polisi walikuwa wakigawiwa vifaa. Koplo mmoja, mtu wa maneno machache, alimkabidhi kila kijana fulana nzito ya kuzuia risasi na kutamka neno moja tu: "Kinga." Kuruta mmoja alipoipokea ya kwake aliigeuza huku na huku, akaipima uzito mikononi, kisha akauliza kwa adabu, "Afande, inakinga nini?" Wenzake wakacheka. Koplo hakukasirika wala hakueleza. "Inakinga," alisema. "Vaa." Kijana akavaa.

Swali lile halikututoka kichwani. Sisi twaona kwamba kuruta yule aliuliza neno la maana kuliko yote yaliyosemwa asubuhi ile, na kwamba lugha yenyewe yamuunga mkono. Maneno ya Kiswahili yanayotaja vitu vya kujikinga na kujihifadhi ni mengi, na karibu kila moja lina maana zaidi ya moja. Mtu anayeyapokea kijumla tu, asiulize kitu hiki chakinga nini na mpaka wapi, aweza kuingia hatarini huku akidhani yumo salama. Kwenu ninyi mliokula kiapo na kushika silaha, jambo hili si la walimu wa sarufi peke yao.

Tuanze na kukinga. Mtu hukinga jua kwa kiganja cha mkono. Hukinga pigo la rungu kwa dhiraa. Lakini mama wa nyumbani naye hukinga maji ya mvua kwa ndoo chini ya paa, na hapo hataki kuyazuia hata kidogo, anayataka yaingie. Gogo lililolala katikati ya barabara husemwa kuwa limekingama. Ukiyatazama yote hayo pamoja utaona kwamba neno hili halisemi kitu kimezuiwa. Lasema tu kwamba kitu kimewekwa katika njia ya kitu kingine. Kitakachofuata, ama kukipokea ama kukirudisha nyuma ama kupasuliwa nacho, ni habari nyingine kabisa.

Tena kuna kinga cha pili, ambacho wingi wake ni vinga, nacho ni kipande cha ukuni unaowaka. Ndicho kinachotajwa katika methali isemayo kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Tumewasikia watu wazima wakiifafanua methali hiyo kana kwamba yahusu ulinzi, kwamba walinzi wawili ni bora kuliko mmoja. La hasha. Yahusu kuni. Twataja kosa hili kwa sababu laonyesha jinsi neno la usalama linavyoweza kusikika mahali ambapo pana moto.

Ama kuhusu ngao, hilo ni neno la kale sana, nalo wanalo ndugu zetu wengi wa lugha za Kibantu. Waganda husema engabo. Wanyarwanda na Warundi husema ingabo, na kwao neno hilo lina jambo la kupendeza: ingabo ni ngao, na ingabo ni jeshi pia. Askari hapewi ngao tu; yeye mwenyewe ndiye ngao, na wananchi wamo nyuma yake. Hatudhani kwamba jeshi lolote lingeweza kupata jina zuri zaidi ya hilo, wala lenye deni kubwa zaidi.

Ngao za wazee zilitengenezwa kwa kazi iliyojulikana. Wamasai walitumia ngozi ya nyati. Waganda walichonga mti na kuufunika kwa ususi. Zilizuia mkuki na mshale. Bunduki zilipokuja, ngao zilezile zilibaki katika ngoma na katika nembo za mataifa, ambako hazina haja ya kuzuia kitu. Ngao iliyo katika nembo ya Uganda ni ya namna hiyo, na ngao wanayoshindania wacheza mpira pia. Lakini askari wa kutuliza ghasia angali anabeba ngao ya kweli, siku hizi ya plastiki inayopenyeka kwa macho, na kazi yake ni jiwe na fimbo. Si kazi yake risasi, ingawa jina ni lilelile.

Vivyo hivyo kofia ya chuma. Ilienea majeshini katika Vita Kuu ya Kwanza. Wafaransa na Waingereza walianza kuwagawia askari wao mwaka 1915, na Wajerumani wakafuata mwaka 1916, kwa sababu makombora yaliyopasuka juu ya mahandaki yalikuwa yakiwamwagia askari vipande vya chuma vichwani. Kofia zile zilikusudiwa vipande hivyo. Hazikukusudiwa risasi ya bunduki iliyofyatuliwa kwa kulengwa kutoka karibu. Leo nyingi si za chuma tena bali za nyuzi ngumu zilizogandishwa kwa gundi, na jina la chuma limebaki.

Hapa tumalize habari ya fulana ya kuruta wetu. Jina lake, fulana ya kuzuia risasi, lina uwongo mdogo ndani yake, maana halisemi risasi ipi. Fulana laini, iliyofumwa kwa tabaka za nyuzi, huzuia risasi nyingi za bastola na vipande vidogo vya bomu. Risasi ya bunduki ndefu, hata hii ya SMG ambayo kila askari wa Afrika Mashariki anaijua, huipenya. Ili kuizuia lazima bamba gumu litiwe katika mfuko wa kifuani, na jingine mgongoni. Na bamba hukinga pale lilipo tu. Ubavu, shingo, kinena na mapaja vimo nje ya ahadi. Sajini mmoja mzee aliyekuwa amesimama kando asubuhi ile alimwita yule kijana baadaye, akamwonyesha kwa kidole sehemu hizo moja baada ya moja. Ilimchukua dakika mbili. Twasikitika kwamba hakuwaita na wale waliocheka.

Sasa twafika mahali pazito. Kiswahili kina kundi jingine la maneno ya kinga ambalo halitoki katika ghala la silaha: hirizi ambayo huvaliwa, fingo ambalo huzikwa ardhini kulinda mji au shamba, zindiko la nyumba, na kago ambalo humkaga mtu asidhuriwe. Tena liko neno chanjo. Kuchanja ni kupasua: twachanja kuni, twachanja ngozi. Mganga huchanja chale na kusugua dawa ndani yake. Mwuguzi huchanja mkono wa mtoto dhidi ya maradhi. Wote wawili huitwa wachanjaji, na wote wawili husema wanatoa kinga. Lugha haikuwatenganisha. Imetuachia sisi kazi hiyo, na wako waliolipa kwa maisha yao kwa kutoifanya.

Mwaka 1905, katika nchi ya Wamatumbi kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani, watu waliochoshwa na kodi, mijeledi na kulimishwa pamba kwa nguvu walipewa maji ya dawa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe ndiye aliyekuwa maarufu kwa maji hayo, naye Wajerumani walimnyonga mapema mwezi wa Agosti mwaka huohuo. Ilisemwa kwamba kwa mwenye kunyunyiziwa, risasi za mzungu zingegeuka maji. Sisi hatuwadharau waliosadiki. Maji yale yaliyaunganisha makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja, na kiu ya uhuru iliyokuwa ndani yao ilikuwa ya kweli. Lakini tarehe 30 Agosti 1905 maelfu walikwenda wazi mbele ya boma la Mahenge, ambako bombomu, kama wazee walivyoiita bunduki ya rashasha, zilikuwa zikiwangoja. Watu walianguka kwa mamia. Vita viliendelea hadi mwaka 1907, na njaa iliyofuata baada ya Wajerumani kuchoma mashamba na maghala iliua wengi kuliko risasi.

Mtu aweza kudhani mambo hayo ni ya mababu. Hapa kwetu Uganda, mwaka 1986, Alice Auma aliyejulikana kwa jina la Lakwena, yaani mjumbe, aliunda jeshi lake la Roho Mtakatifu huko Acholi. Wapiganaji wake walipakwa mafuta ya mbegu za mti wa shea, wakaambiwa kuwa risasi haitawaingia. Wengi wao hawakuwa watu wajinga wa vita. Walikuwamo waliokuwa askari wa majeshi yaliyotangulia, wenye mafunzo kamili. Na jambo linalotugusa sana ni hili: walipewa amri ishirini, nazo ziliitwa tahadhari za usalama. Moja ya tahadhari hizo ilikataza askari kujikinga vitani nyuma ya mti, nyuma ya kichuguu au kwa kulala chini. Kila kuruta hufundishwa katika juma la kwanza kwamba ardhi ndiyo ngao ya kwanza ya askari. Hapo neno usalama lilitumika kumnyang'anya mtu usalama aliokuwa nao tayari. Walitembea wima, wakiimba, wakafika karibu na Jinja, kilomita kama 80 tu kutoka Kampala, na huko wakavunjwa katika miezi ya mwisho ya mwaka 1987. Alice mwenyewe alikimbilia Kenya, akafa katika kambi ya wakimbizi mwezi wa Januari 2007. Vijana waliozikwa njiani walikuwa ndugu zetu, na waliowafyatulia risasi pia walikuwa ndugu zetu.

Tumejiuliza ni nini kilichoziwezesha kinga hizo mbili kuaminiwa hata baada ya watu kuanza kufa. Jibu twaliona katika masharti yake. Ilikuwa mwiko kufanya hili, mwiko kufanya lile. Aliyeanguka ilisemwa kwamba alivunja mwiko. Basi dawa haikukosea kamwe, marehemu ndiye aliyekosea daima. Kinga ya namna hiyo haiwezi kujaribiwa. Fulana ya polisi, pamoja na mapungufu yake yote, yaweza kutundikwa ukutani ikapigwa risasi, na kila mtu akaenda kutazama tundu.

Chanjo ya mwuguzi nayo imepimwa hivyo. Ndui, ambayo iliua na kupofusha watu kwa karne nyingi, ilikwisha duniani kwa kuchanja. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alikuwa mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi wa Oktoba 1977, naye alipona. Lakini hata chanjo hazifanani. Zile za UVIKO zilizoanza kutolewa hapa mwaka 2021 zilipunguza sana vifo na ugonjwa mkali. Hazikumhakikishia mtu kwamba hataambukizwa. Waliosikia "kinga" na kuelewa "ukuta" walijiona wametapeliwa. Katika ugonjwa huohuo barakoa nalo lilipata maisha mapya. Hapo zamani lilikuwa vazi la uso la wanawake wa Kiarabu katika pwani na visiwa, la kumsitiri mvaaji. Mwaka 2020 polisi walisimama barabarani kuwauliza watu barakoa zao ziko wapi, na wengi waliokamatwa hawakuelezwa kwamba ile ya kitambaa humkinga zaidi jirani kuliko mvaaji. Huenda wangeivaa kwa moyo mweupe zaidi kama wangelijua hilo.

Hakuna neno lililolipa gharama kubwa majeshini kuliko kinga ya ndani ya mwili. UKIMWI ni Upungufu wa Kinga Mwilini. Neno letu limo katikati ya jina la ugonjwa. Mwezi wa Septemba 1986, katika mkutano wa nchi zisizofungamana na upande wowote mjini Harare, Rais Fidel Castro alimwambia Rais Museveni kwamba katika askari 60 wa Uganda waliopelekwa Cuba kwa mafunzo, 18 walikutwa na virusi. Habari hiyo ndiyo iliyoamsha serikali kusema wazi. Kisha ukaja mpira wa kiume, nao ukapata majina mengi: kondomu kwa madaktari, mpira kwa watu wote, soksi kwa vijana wasiotaka kuulizwa, na katika mabango, kinga. Wizara ya afya ilipogawa mipira ya bure iliipa jina Engabu, yaani ngao ileile tuliyoitaja. Mwaka 2004 serikali iliirudisha yote kwa wasiwasi juu ya ubora wake. Jina zuri halikuitia mpira nguvu. Hata tohara, ambayo majaribio ya Rakai, Kisumu na Afrika Kusini yalionyesha kwamba hupunguza hatari ya mwanamume kuambukizwa kwa karibu asilimia 60, husemwa kambini kana kwamba ni asilimia 100. Zile 40 zilizobaki hazina wimbo wala bango.

Kuna maneno mengine ambayo twayapitia haraka. Hifadhi ni la Kiarabu, na lina upole ambao kinga halina: kinga husimama mbele ya adui, hifadhi hukishika kitu kisipotee. Kwa hiyo mtu huhifadhi Kurani kichwani, huhifadhi samaki kwa chumvi, huhifadhi wanyama wa porini, na mkimbizi huomba hifadhi mpakani. Askari wa mpakani aangalie kwamba neno hilo linapotamkwa na mwenye njaa halimaanishi mbuga. Boya huelea na kumwokoa anayezama, ila katika mitaa ya Dar es Salaam ukimwita mtu boya mtagombana. Mwavuli ni wa mvua na jua, na ndio pia unaomshusha askari kutoka angani, ingawa vitu hivyo viwili havibadilishani kazi. Hata Waingereza wana kioja chao: katika karne ya 19 kile kirungu kifupi chenye kichwa cha risasi, kilichobebwa mfukoni na mabwana wa mjini, walikiita mlinda uhai. Uhai wa nani, jina halikusema.

Usalama nalo tulitazame kwa makini kidogo. Ni amani, ni idara inayotembea bila sare, na ni ile hali ya bunduki iliyofungwa. Katika SMG wenzo ulio upande wa kulia ukiwa juu kabisa bunduki imefungwa. Ukishushwa mara moja, inamimina. Ukishushwa mpaka chini, yatoa risasi moja moja. Mwenye haraka husukuma mpaka mwisho, akapata moja moja. Mwenye mkono wa polepole, aliyedhani ameanza na moja, humimina. Kusema tu "ametoa usalama" hakutoshi kumjulisha mwenzako bunduki iko katika hali gani.

Zimebaki kinga zisizo na ngozi, chuma wala dawa, ambazo zimetengenezwa kwa maneno matupu ya mapatano. Polisi wa barabarani hukutana na moja wapo kila anaposimamisha gari lenye namba za ubalozi. Kwa Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, mwanadiplomasia hakamatwi wala hazuiliwi. Wengi huelewa hapo kwamba sheria haimhusu. Sivyo. Mkataba huohuo wamwamuru aheshimu sheria za nchi aliyomo, na nchi iliyomtuma yaweza kumwondolea kinga hiyo. Kosa labaki kuwa kosa. Kilichozuiwa ni mkono wa kumkamata tu. Kwa hiyo askari mwenye busara huandika taarifa yake kikamilifu, namba, saa na mahali, akaipeleka kwa wakubwa wake.

Nyingine ni ya uwanja wa vita. Tangu Mkataba wa Geneva wa mwaka 1864, msalaba mwekundu juu ya kitambaa cheupe ni ngao ya majeruhi na wanaowatibu. Hilali nyekundu ilianza kutumiwa na Waturuki mwaka 1876, ikatambuliwa mwaka 1929, na kioo chekundu kikaongezwa mwaka 2005. Kitambaa hicho hakiwezi kuzuia hata changarawe. Chakinga kwa sababu mtu wa upande wa pili amekubali kutofyatua, na kitaendelea kukinga maadamu hakuna upande unaoficha sanduku za risasi ndani ya gari lenye alama hiyo. Anayefanya hivyo leo anamwua daktari wa kesho.

Ngao nayo imepata maana mbaya katika vita vya zama hizi, pale inaposemwa kwamba raia wamefanywa ngao. Itifaki ya kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa katika Mikataba ya Geneva, yakataza jambo hilo, na yakataza hata pale ambapo adui ndiye aliyeanza. Ukikumbuka ile ingabo ya Wanyarwanda na Warundi utaona jinsi neno lilivyogeuzwa miguu juu: aliyekuwa nyuma ya ngao amesukumwa mbele, na mwenye silaha amejificha mgongoni kwake.

Mwuguzi wa jeshi huvaa alama yake katika mkono wa kushoto, kwenye kitambaa kisichoharibiwa na maji, chenye muhuri wa mamlaka ya jeshi lake. Anaruhusiwa kubeba silaha ndogo kwa kujitetea na kuwatetea majeruhi wake, wala hapotezi kinga kwa sababu hiyo. Atakayeitumia kumshambulia adui, huyo ameivua alama hata kama kitambaa kingali mkononi.